Shamba la Usharika: Historia Fupi ya Kilimo Chetu Songea

Kamati ya Jubilei iliponitaka niandike sura moja ya kitabu hiki, nilitarajia kupewa habari za ubatizo wa kwanza au za ujenzi wa kanisa. Habari hizo wamepewa ndugu wengine, nao wameziandika vema. Mimi nimepewa shamba. Mwanzoni niliona nimepewa makombo. Lakini kadiri nilivyokumbuka ndivyo nilivyotambua kwamba historia ya usharika huu haielezeki bila shamba. Bati za kanisa zilinunuliwa kwa mahindi. Watoto wa wainjilisti walisomeshwa kwa maharage. Siku ya Sikukuu ya Mavuno babu zetu walileta vikapu vya ulezi, baba zetu wakaleta madebe ya mahindi, na sisi tumeleta fedha za mahindi yaliyokwisha kuuzwa. Aliyetaka kujua hali ya usharika katika mwaka wowote alitazama tu kilichowekwa mbele ya madhabahu siku hiyo.

Mkoa wa Ruvuma ulikuwa na watu wapatao milioni 1.38 katika sensa ya mwaka 2012. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wapatao milioni 1.85. Ardhi haikuongezeka. Basi swali lililo mbele yetu tunapoingia karne ya pili ni hili: je, shamba lile lile laweza kulisha watu wengi zaidi bila kuchakaa? Wataalamu wa bara zima la Afrika wanalijadili swali hili leo. Sisi wa Ruvuma tuna sababu ya kulijadili kwa unyenyekevu, kwa kuwa jirani zetu walikwisha kulijibu zamani, nasi hatukuwasikiliza.

MASHIMO YA UMATENGO

Katikati ya karne ya 19 makundi ya Wangoni kutoka kusini yaliingia nchi hii na kuitawala. Wamatengo, waliokuwa wakiishi upande wa magharibi, walisukumwa na vita hivyo kwenda kwenye milima mikali ya eneo tunaloliita leo Mbinga. Huko walibanana katika eneo dogo. Hapakuwa na nafasi ya kuliacha shamba lililochoka na kufyeka msitu mwingine, kama ilivyokuwa desturi ya mahali pengi. Miteremko ilikuwa mikali, na mvua ilikuwa kubwa kiasi cha kuweza kuuteremsha udongo wote bondeni kwa misimu michache.

Katika dhiki hiyo walitengeneza kilimo cha ngoro, ambacho wengine hukiita ngolo. Mvua zinapoelekea ukingoni, nyasi ndefu hufyekwa na kulazwa juu ya mteremko kwa mistari inayokatizana, mpaka shamba zima linakuwa na miraba kama ya wavu. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufukiwa juu ya nyasi zile. Yanabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta pande zote. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu wa mvua unaofuata hupandwa mahindi. Magugu na mabua hutupwa shimoni. Baada ya mahindi shamba hupumzishwa hadi nyasi ziote tena, ndipo mzunguko huanza upya.

Mpango huu unafanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Mvua ikinyesha, maji hukaa shimoni na kunywea taratibu badala ya kukimbia na udongo. Nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mbolea chini ya mizizi ya mazao. Na maharage, kama jamii yote ya mikunde, huurudishia udongo sehemu ya naitrojeni ambayo mahindi huihitaji sana. Hakuna kilichonunuliwa. Mwaka 1938 afisa wa serikali ya kikoloni, A. H. Pike, aliandika makala juu ya hifadhi hii ya udongo katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Inafaa kukumbuka kwamba serikali hiyo hiyo, miaka michache baadaye, iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi yasiyowafaa, mpaka mwaka 1955 wananchi wakaandamana na mpango ukaachwa. Maarifa yaliyozaliwa na mahitaji ya watu wenyewe yalidumu, bali yale yaliyoletwa kwa amri hayakudumu.

Nisiwapambe Wamatengo kupita kiasi. Kazi ya ngoro ni nzito, na uzito wake hauko sawa kwa wote. Kwa desturi wanaume hufyeka na kulaza nyasi, lakini uchimbaji umekuwa mzigo wa akina mama. Aidha, kahawa ilipoenea na watu kuongezeka, muda wa kupumzisha mashamba ulipungua. Hata hivyo kazi hiyo iliwalisha watu wengi juu ya miteremko ile ile kwa zaidi ya miaka mia moja.

NCHI YA TAMBARARE NA MASHAMBA YA KUHAMA

Huku kwetu Songea mambo yalikuwa mengine. Nchi ilikuwa pana na miombo ilikuwa mingi. Mkulima alifyeka, akachoma, akalima ulezi na mahindi kwa miaka michache, kisha akahama, na msitu ukarudisha nguvu ya udongo. Kilimo hicho hakikuwa ujinga kama tulivyofundishwa baadaye. Kilitegemea mambo mawili tu: ardhi tele na mikono ya kufyeka.

Mambo hayo mawili yalianza kuondoka mapema. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, vilizimwa katika nchi ya Wangoni kwa kamba na kwa njaa. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa walinyongwa hapa Songea, na kumbukumbu yao twaifanya kila mwaka. Lakini waliokufa kwa njaa ni wengi kuliko walionyongwa, kwa kuwa majeshi ya Kijerumani yalichoma maghala na mashamba kwa makusudi. Baada ya hapo ilikuja kodi, na vijana wengi wakaenda kutafuta fedha katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Miaka ya 1930 ilileta tumbaku ya moshi, na mwaka 1936 ukaanzishwa ushirika wa Ngoni-Matengo. Tumbaku ilileta shilingi, nayo ikadai kuni nyingi za kuikaushia. Hivyo mikono ilipungua, na misitu ikaanza kurudi nyuma.

LITOWA

Haifai historia ya kilimo cha Songea ipite bila kuitaja Litowa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU walianzisha kijiji hapo kwa hiari yao, wakalima pamoja na kugawana mavuno. Kutokana na juhudi hizo kilizaliwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho katibu wake alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Chama kilikua mpaka kikawa na vijiji 17 hivi, kikawa na kinu cha kusaga nafaka na shule iliyofundisha watoto kazi za kijiji chao. Mwalimu Nyerere alikipenda na kujifunza kwacho. Hata hivyo, tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja, na mali zake zikachukuliwa.

Siandiki haya ili kufufua kesi ya zamani. Nayaandika kwa kuwa palikuwa na watu katika wilaya yetu waliokaa pamoja jioni wakapanga shamba lao wenyewe, na yaliyofuata yalipangwa mahali pengine. Kati ya mwaka 1973 na 1976 wananchi walihamishiwa vijijini kwa operesheni. Vijiji vilileta shule, zahanati na, kwa upande wetu, nafasi njema ya kuhubiri Injili. Lakini nyumba mia kadhaa zilipokaa pamoja, mashamba ya karibu yalilimwa kila mwaka bila kupumzika. Mkulima aliyezoea kuhama aliambiwa akae, wala hakuna aliyemweleza udongo wake ungepumzika lini.

MIAKA YA MFUKO WA MBOLEA

Jibu lililotolewa lilikuwa mbolea ya dukani. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza kazi mwaka 1972, mwaka ule ule lilipotolewa Azimio la Iringa la Siasa ni Kilimo. Katikati ya miaka ya 1970 ulikuja mpango wa taifa wa mahindi, wenye mbegu bora na mbolea ya ruzuku. Serikali ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Kwa sisi tulio zaidi ya kilometa 900 kutoka Dar es Salaam, bei hiyo ilikuwa neema kubwa, maana gharama ya lori haikumwangukia mkulima. Ruvuma, pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa, ikawa ghala la taifa. Barabara ya lami kutoka Makambako ilipofika katika miaka ya 1980, malori yalipanga foleni.

Neema ile isibezwe. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, na mahindi huijibu naitrojeni kwa furaha. Lakini mbolea iliyoenea sana siku zile ilikuwa SA, ambayo ikitiwa mwaka hata mwaka bila chokaa huufanya udongo kuwa chachu. Tena mbolea ya chumvichumvi hulisha mmea, haiurudishii udongo majani yaliyooza yanayoushikamanisha na kuuwezesha kutunza maji. Tulivuna, tukachoma mabua, tukatia mfuko mwingine. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku ilipunguzwa hatua kwa hatua, na kufikia msimu wa 1994/95 ilikuwa imeondolewa. Bei moja ya nchi nzima ilikuwa imekwisha kuachwa. Ndipo tukauona udongo wetu ulivyo.

KOSA LANGU

Hapa sina budi kusema la kwangu. Nilihitimu Chuo cha Theolojia Makumira, na mwaka 1988 nilipangiwa usharika huu nikiwa kijana mwenye ari. Usharika ulikuwa na shamba la ekari nne kwenye mteremko upande wa Matogoro. Mwaka ule tulivuna magunia zaidi ya sabini, nami nilijisifu mbele ya mkuu wa jimbo.

Katika kikundi cha akina mama alikuwako mama mmoja wa Kimatengo aliyeolewa huku kwetu. Alipoona tunachoma nyasi na mabua, alinijia baada ya ibada, akapiga goti kwa heshima, akasema, "Baba Mchungaji, nyasi hizo tusizichome. Tuzilaze, tuzifukie, shamba liko mlimani." Nilimjibu kwamba hayo ni mambo ya kizamani, na kwamba wataalamu wameelekeza kulima kwa matuta na kutia mbolea. Nilifanya vibaya zaidi: Jumapili iliyofuata nilitoa mfano wa watu wanaong'ang'ania mila wakati maendeleo yamefika. Sikumtaja jina, lakini kila mtu alijua. Naye alikaa kimya katika benchi lake.

Mwaka 1995 mbolea ilikuwa ghali kupita uwezo wa usharika. Tulivuna magunia kumi na saba katika ekari zile nne. Februari iliyofuata ilinyesha mvua moja ya usiku kucha, na asubuhi nilikuta mifereji inayomfika mtu magotini imekata shamba kutoka juu hadi chini. Mto Ruvuma unaanzia katika milima hiyo hiyo ya Matogoro. Nilisimama pale nikiwaza kwamba udongo wa usharika umekwisha kuanza safari ya kwenda Bahari ya Hindi, na kwamba waliotuachia shamba hilo walitegemea tuwaachie wengine.

Nilikwenda nyumbani kwa yule mama nikamwomba radhi, nikarudia kumwomba radhi mbele ya usharika. Aliniambia, "Baba, shamba hili limelishwa chumvi muda mrefu, halijapata chakula. Tulipe chakula." Hakusema zaidi.

Mwaka ule tulilaza nyasi. Sehemu ya juu, palipo na mteremko mkali, tulichimba mashimo kama ya Umatengo, na safari hii wanaume nao walishika majembe, kwa kuwa yule mama alilitaka hilo kabla ya jambo lolote. Sehemu ya chini tulipanda maharage na soya kwa kupokezana na mahindi, na kwenye kingo tukapanda majani ya gatemala kuzuia maji.

ZIZI NA SHAMBA

Jambo la pili lilikuwa mifugo. Wangoni walikuwa watu wa ng'ombe, lakini sotoka iliyopita Afrika Mashariki miaka ya 1890, pamoja na mbung'o wa miombo, ilifanya sehemu kubwa ya nchi hii ibaki na jembe peke yake. Shamba na zizi vikatengana, na kutengana huko kumetugharimu kuliko tunavyodhani.

Kikundi cha akina mama kilianza na mitamba miwili ya maziwa kwa utaratibu unaojulikana nchini kote wa kukopa ng'ombe na kulipa ndama: anayepokea mtamba hutoa ndama jike wa kwanza kwa jirani. Ng'ombe hafungiwi malishoni bali bandani, na majani hukatwa na kuletwa. Gatemala ile inayozuia udongo ndiyo chakula chake, samadi yake hurudi shambani, maziwa yanakwenda kwa watoto, na ziada inanunua mfuko wa urea. Kitu kimoja kinatumika mara nne. Si kwamba njia ilikuwa laini. Ndama wawili walikufa kwa ndigana kwa kuwa hatukuwaogesha kwa wakati, na familia moja ilirudisha mtamba kwa sababu kazi ya kukata majani iliwaelemea akina mama peke yao. Tulijifunza kwamba kabla ya kumpa mtu ng'ombe, ni lazima kuwauliza wote wa nyumba ile ni nani atakayemlisha.

Wakati huo huo, huko Mbinga, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kwa kushirikiana na Wajapani kilikuwa kikijifunza kwa Wamatengo. Kati ya mwaka 1999 na 2004 wataalamu hao walifanya kazi katika vijiji kama Kindimba. Badala ya kuleta mpango uliokamilika, walianzia kwenye sengu, baraza la kale la Wamatengo ambamo watu wa ukoo walikula na kushauriana pamoja. Wanakijiji walijenga kinu kinachosukumwa na maji, wakapanda miti na kuchimba mabwawa ya samaki. Niliposikia habari hizo niliikumbuka Litowa.

MFUKO NA SHIMO PAMOJA

Serikali ilirudisha ruzuku ya mbolea mwaka 2003, ikaja na vocha msimu wa 2008/09, na baada ya bei kupanda duniani ikaleta ruzuku mpya mwaka 2022 kwa wakulima waliojiandikisha. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika waliokutana Abuja waliazimia kupandisha matumizi ya mbolea kutoka kilo 8 hadi 50 kwa hekta ifikapo mwaka 2015, na lengo hilo halikufikiwa. Walipokutana tena Nairobi mwezi Mei 2024, waliweka afya ya udongo bega kwa bega na mbolea. Nilifurahi kuona wakuu wa nchi wamefika mahali alipokuwa mama mmoja wa Kimatengo mwaka 1988.

Msomaji asinielewe vibaya. Sisemi mbolea ya dukani iachwe. Samadi ya ng'ombe wawili haitoshi ekari nne, na nchi inayoongezeka watu haiwezi kulishwa kwa nyasi peke yake. Ninachosema ni kwamba mfuko ukija juu ya udongo wenye mboji hufanya kazi, bali ukija juu ya udongo uliokufa husombwa na maji pamoja na fedha zetu. Wala sisemi kila shamba lichimbwe ngoro; tambarare ya Songea haina haja nayo. Kinachofaa kila mahali ni kanuni yake: kinachotoka shambani kirudi shambani, na maji yatembee polepole.

Katika Kitabu cha Mwanzo, Isaka alivichimbua upya visima vya baba yake vilivyokuwa vimefukiwa, akaviita kwa majina yale yale. Nilihubiri habari hiyo mara nyingi kabla sijaielewa. Sisi tulivifukia visima wenyewe, tukidhani ni mashimo tu.

Shamba la usharika lipo hata leo. Msimu uliopita lilitoa magunia sitini na nne ya mahindi kwa nusu ya mbolea tuliyoitumia mwaka 1988, mbali na maharage. Hayakufikia yale sabini niliyojisifia, na huenda yasiyafikie upesi, maana udongo uliopotea haurudi kwa miaka michache. Wapo ndani ya usharika wanaopendekeza eneo hilo ligawanywe viwanja na kuuzwa, kwa kuwa mji umelifikia. Baraza la Wazee litaamua, nami nikiwa mstaafu sina kura. Nina ombi tu kwamba kabla ya kuamua, wajumbe wapande hadi sehemu ya juu asubuhi moja baada ya mvua, waangalie mashimo yale yaliyojaa maji yaliyotulia. Yule mama tulimzika miaka kadhaa iliyopita. Maji yale yanakaa pale kwa sababu yake, na watoto wetu wa ubatizo wa mwaka huu ndio watakaoyahitaji.